Ahadi na Taslimu: shajara ya kikundi cha kufuatiliana, Tabata

Hii ni kumbukumbu ya kikundi kidogo cha watu wazima wanaofuatiliana ahadi ndogo ndogo za maisha: kumpigia mzazi, kulipa deni la rafiki, kurudi kwenye masomo, kumaliza kazi ya mteja siku aliyoambiwa. Inaandikwa ili anayetaka kuanzisha cha kwake apate pa kuanzia, na zaidi ajue pa kutokanyaga. Yaliyokwenda vizuri yamefupishwa. Bei ni shilingi za Tanzania.

Jumamosi, 4 Januari 2025: Kuanzisha

Watu wanane wa Tabata na Segerea, wanaofahamiana lakini si ndugu. Wakizidi kumi na wawili kikao hakiishi. Wakiwa chini ya watano, wawili wakisafiri hakuna kikao. Tunakutana Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili, saa kumi jioni, barazani kwa mwenzetu mmoja. Saa moja ikiisha tunafunga daftari hata kama maneno yamebaki.

Vifaa: kaunta buku ya kwaya mbili, 4,000. Rula na kalamu mbili, 1,500. Chai na maandazi ya kikao kimoja, 6,000, kwa kuchanga.

Kurasa zimepigwa mistari kama orodha ya kamati ya harusi, kwa sababu hakuna mtu mzima Dar ambaye hajaisoma: Jina, Ahadi, Taslimu, Baki. Tumeongeza safu mbili, Tarehe na Anayeuliza. Kamati ya harusi ina ukali ambao maisha ya kawaida hayana. Ukiiambia "nitawashika mkono" hawakuandiki. Wanataka kujua kiasi gani na lini, na tarehe ikikaribia katibu anakupigia kukuomba upunguze ahadi, yaani ulipe japo sehemu yake. Tumechukua ukali huo kama ulivyo.

Kila mtu anaandikisha ahadi moja tu. Waliokuja na orodha za mwaka mpya zenye mistari kumi, tisa zilizobaki zimehamishiwa ukurasa wa mwisho, ambao tumeuita Foleni. Ahadi haitoki kwenye Foleni mpaka iliyo mbele yake ilipwe au ifutwe.

Jumamosi, 18 Januari 2025: Ahadi zisizoshikika

Karibu safu yote ya Taslimu iko tupu, na sababu inaonekana kwenye safu ya Ahadi. "Kubadilika kitabia." "Kuwa karibu na familia." "Kujiendeleza." Hakuna siku ambayo mtu anaweza kuulizwa "umejiendeleza?" akajibu ndiyo au hapana. Kikao chote kimetumika kuandika upya.

Mfano mmoja kwa urefu, kwa sababu umepita hatua zote. Ahadi ya kwanza: "Nitakuwa karibu zaidi na mama." Ikawa: "Nitampigia mama kila Jumapili." Ikawa: "Jumapili saa nne asubuhi." Hapo ikakwama. Mama yuko Korogwe na saa nne ya Jumapili yuko kanisani. Simu inaita haipokelewi, mpigaji anahesabu ametimiza, na mama anarudi nyumbani kukuta jina la mwanawe kwenye simu na yeye hana salio la kumpigia. Sasa imeandikwa hivi: "Jumapili, nikishaepua chakula cha mchana na kabla sijapakua, nampigia mama. Asipopokea napiga tena nikishaosha vyombo. Dakika nanunua Jumamosi."

Kulikuwa na tatizo la pili nyuma ya hilo. Simu zenyewe zilikuwa zinakauka: shikamoo mama, marahaba, mmeamkaje, salama, haya basi. Dawa ni karatasi ndogo iliyobandikwa nyuma ya mlango wa kabati la vyombo, yenye mambo mawili yaliyobaki kwenye mazungumzo yaliyopita. Mama alisema mguu wa kushoto unamsumbua na bati za jiko zinavuja. Basi Jumapili hii, baada ya shikamoo, swali la kwanza ni mguu, la pili ni bati. Mzazi anaulizwa jambo lake mwenyewe, na maongezi yanajiendesha.

Muundo huu si wetu. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alichapisha mwaka 1999 makala kuhusu mipango ya namna ya "likitokea hili, nafanya lile". Faida yake ni kwamba uamuzi unafanyika mapema, akili ikiwa imetulia. Siku ya utekelezaji hakuna kujadiliana na nafsi. Tukio lenyewe ndilo linalokukumbusha.

Kwa Dar kuna nyongeza ya lazima: fungia ahadi kwenye tukio, usiifungie kwenye saa. Mtu aliyeandika "saa moja jioni nasoma" saa hiyo yuko Buguruni, amesimama kwenye daladala, na saa imeliwa na foleni. Akiandika "nikishavua viatu mlangoni, nasoma kurasa nne kabla sijawasha televisheni", foleni inamchelewesha lakini haimfutii ahadi. Matukio yaliyofaa: kuvua viatu, kuepua chakula, kutoka swala ya Isha, kushuka Tabata Relini, kufunga duka. Yasiyofaa: "nikipata nafasi", "nikitulia", "mambo yakikaa sawa". Kuchota maji nako hakukufaa, kwa sababu siku za maji hazitabiriki.

Jumamosi, 1 Februari 2025: Faini imeingia na kutolewa

Tulikubaliana kwa kauli moja, bila mtu wa kupinga, kwamba ahadi isiyotimizwa italipiwa faini ya 2,000, kama zilivyo faini za kwenye vikoba. Ilionekana ni jambo la akili. Imeharibu mambo kwa njia mbili, zote ndani ya muda mfupi.

Mwenye kipato kizuri alianza kuinunua. Mwenzetu mwenye duka alitoa noti mbili za elfu kikao hakijaanza, akacheka, akasema yake ya wiki hii ameshaimaliza. Kweli alikuwa ameimaliza: kwa kichwa chake deni limelipwa, na kile alichoahidi hakina tena wa kukidai. Asiye na kitu hakuja kabisa. Mwenye bodaboda aliandika "nina dharura", lakini kila mtu alijua kinachomkimbiza ni ile elfu mbili.

Jambo hili lilishafanyiwa utafiti. Wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 matokeo kutoka vituo kumi vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel. Baadhi ya vituo viliweka faini ya shekeli 10 kwa mzazi anayechelewa kumchukua mtoto kwa zaidi ya dakika kumi. Wachelewaji wakaongezeka. Kabla ya faini mzazi alimwonea haya mwalimu. Baada ya faini alikuwa analipia huduma. La kutia hofu zaidi, faini ilipoondolewa uchelewaji haukushuka. Haya ikishatiwa bei, kuifuta bei hakuirudishi.

Kwa hiyo anayeiga shajara hii asianze na faini hata kwa majaribio. Sisi tumeiondoa mapema, na fedha zote zimerudishwa kwa waliozitoa siku hiyohiyo, maana kubaki nazo ni kuendelea kuuza ruhusa. Kwa vikoba faini ina kazi yake, pale kinachochelewa ni fedha na kinacholipwa ni fedha. Huku kinachochelewa ni neno la mtu.

Badala yake tumerudi kwenye lugha ya kamati: kupunguza. Aliyeahidi kurasa nne akasoma moja, amepunguza, anaandikiwa moja kwenye Taslimu na tatu kwenye Baki. Baki haibebwi kwenda wiki inayofuata, vinginevyo inageuka mlima na mwenyewe anaukimbia. Inaandikwa ili ionekane, basi.

Jumamosi, 15 Februari 2025: Nani amuulize nani

Sehemu hii ndiyo imetugharimu zaidi, na gharama yenyewe haikuwa ya fedha.

Kila ahadi ina mtu mmoja wa kuuliza. Tulianza kwa kupanga wale walio karibu zaidi, kwa hoja kwamba wanaonana kila siku. Jozi tatu zimevunjwa. Mke na mume: nyumba imegeuka ofisi, swali la ahadi linaulizwa kitandani, na jibu la "bado" linafungua mafaili ya miaka iliyopita. Mwajiri na mfanyakazi wake: mfanyakazi anasema "taslimu" hata kama hajafanya, kwa sababu hawezi kumwambia bosi wake kuwa ameshindwa jambo. Mdai na mdaiwa: kila ujumbe, hata wa kuuliza mazoezi ya kutembea, unasomeka kama kudai hela. Jozi zinazofaa ni za watu wanaoheshimiana ambao mkate wa mmoja hauko mkononi mwa mwingine.

Ujumbe umefupishwa mpaka ukabaki huu, unaotumwa usiku wa tarehe ya ahadi:

"Habari za jioni dada. Ile ya leo: taslimu, umepunguza, au bado?"

Majibu ni hayo matatu tu, na anayejibu "bado" anaongeza tarehe mpya. Kinachokatazwa ni "kwa nini". Kwenye maandishi "kwa nini" haina uso wala sauti, na anayeisoma amechoka baada ya siku nzima anaisikia kama karipio. Sababu zinazungumzwa Jumamosi, ana kwa ana, chai ikiwa mkononi. Ujumbe wa sauti nao umekatazwa, kwa kuwa mtu anaelezea dakika nne kisha hujui kama amefanya au hajafanya. Na tunatumia meseji ya kawaida badala ya WhatsApp, kwa sababu bando huisha, halafu zile tiki za bluu zinazaa kesi nyingine ya nani amesoma akanyamaza.

Umri ulileta ugumu ambao hatukuupangia kanuni mwanzoni. Kijana aliyepewa kumuuliza mzee wa miaka sitini na ushei alikuwa anaiandika meseji na kuifuta. Kumuuliza baba wa watu kama ametimiza au hajatimiza ni kumkosea adabu, hata akiwa ameomba mwenyewe aulizwe. Kubadilisha jozi ilikuwa njia rahisi, ila mzee hakutaka. Suluhisho limetoka kwake: mkubwa anaripoti kabla hajaulizwa. Ikifika saa tatu usiku naye kimya, kijana anatuma salamu peke yake, "Shikamoo baba", na mzee anajua kinachofuata. Jibu linakuja "Marahaba. Nimepunguza." Tumeifanya kanuni kwa jozi zote zenye tofauti kubwa ya umri.

Muulizaji naye ana ahadi: anauliza mara moja. Asipojibiwa hadi asubuhi, anaandika "kimya" kwenye daftari na kuacha. Wanaorudia mara tatu nne wanachosha, kisha wanazimiwa simu, na urafiki unaondoka pamoja na ahadi.

Jumamosi, 15 Machi 2025: Ramadhani

Kikao kimehamia saa nne asubuhi, hakuna chai. Ahadi zilizofungwa kwenye chai ya asubuhi na chakula cha mchana zimekufa kwa wanaofunga. Zimehamishiwa baada ya daku na baada ya kufuturu. Iliyohamishiwa baada ya tarawehe haikusimama, watu wameshalegea. Anayeanzisha kikundi aandike mapema nini kitabadilika mwezi huo, asingoje ufike.

Jumamosi, 12 Aprili 2025: Masika na kiwango cha chini

Mvua imefuta ahadi zote za kutembea na kukimbia. Njia za Tabata zikijaa maji hakuna wa kumlaumu mtu aliyebaki ndani. Shida ni kwamba siku moja ya mvua ilivuta ya pili, ya pili ikavuta wiki.

Kila ahadi sasa ina kiwango cha chini kilichoandikwa pembeni yake, kidogo kiasi cha kuona aibu kukikosa. Kutembea kutoka Bima hadi Segerea: kiwango cha chini ni dakika tano za kuruka kamba barazani. Kusoma kurasa nne: kiwango cha chini aya moja, kwa tochi ya simu kama umeme umekatika. Kiwango cha chini kinaandikwa Taslimu kamili siku ya mvua, ugonjwa au msiba. Siku nyingine kinahesabiwa kupunguza.

Wenzetu wawili walitaka kuacha kwa kuwa "wameshaharibu". Hapa kuna utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010. Waliwafuatilia watu 96 wakijenga mazoea mapya. Kwa wastani jambo lilichukua siku 66 kuzoeleka, lakini mtawanyiko ni mpana mno, kutoka siku 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuathiri ujenzi wa mazoea kwa kiasi cha maana. Zile "siku 21" zinazotajwa kila kona hazimo.

Kutokana na hilo: kukosa mara moja hakuzungumzwi. Kukosa mara mbili mfululizo, muulizaji anapiga simu badala ya meseji, na simu hiyo ina swali moja tu, "tupunguze ukubwa au tubadilishe tukio?" Mara nyingi jibu ni tukio.

Jumamosi, 10 Mei 2025: Njoo kesho

Kazi ya kikao hiki ni ahadi ya fundi cherehani: "Nguo zote zitatoka siku niliyosema." Kila siku Baki, na wateja wanarudi na maneno makali. Yeye si mvivu, anakesha.

Tulimuomba alete daftari lake la wateja tuliangalie kazi zilizokwisha. Gauni la kitenge lenye bitana anaahidi siku tatu. Kukata na kushona kweli kunaisha ndani ya siku mbili. Siku nyingine zinapotelea sehemu ambazo hazimo kwenye hesabu yake: hana ovaloku (mashine ya kushona kingo za kitambaa zisifumuke), anapeleka kwa jirani na kupanga foleni, zipu ya rangi inayofanana inafuatwa Kariakoo, umeme ukikatika pasi hakuna. Magauni yaliyoahidiwa siku tatu, yote yaliyomo kwenye ukurasa yametoka kati ya siku ya sita na ya nane.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandikia tatizo hili mwaka 1979: mtu akikadiria muda huangalia hatua za kazi iliyo mbele yake, na kusahau kuangalia kazi kama hizo zilichukua muda gani huko nyuma. Ndiyo maana makadirio yanakuwa mafupi hata kwa mzoefu. Tiba yao ni kuanzia kwenye rekodi.

Kanuni mpya ya fundi: siku anayomtajia mteja inatoka kwenye kazi tatu za mwisho za aina ileile, anachukua iliyochelewa kuliko zote na kuongeza siku moja. Gauni la bitana sasa ni siku tisa. Wateja wawili wamekwenda kwingine. Waliobaki wamepata nguo kwa wakati. Zipu zinanunuliwa siku ile malipo ya awali yanapopokelewa.

Palepale tukaongeza kanuni ya taarifa kabla, inayohusu pia madeni: anayeona hatatimiza anasema mapema, akiwa bado ana cha kusema. Meseji ya deni tuliyokubaliana: "Kaka, elfu ishirini ya tarehe 28 haitatimia. Nitakutumia kumi siku hiyo na kumi tarehe 5. Samahani kwa kukuvurugia mipango." Inatumwa tarehe 26, kabla mdai hajaipangia hela matumizi. Ikitumwa tarehe 29 maneno ni yaleyale, na haisaidii kitu.

Na kuhusu radhi: "Samahani kama nimekukwaza" haiandikwi kwenye daftari. Inamuachia aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia. Radhi inayopokelewa ina vitu vitatu: nilichofanya, kilichokuharibikia, na siku nitakayorekebisha. Maelezo ya sababu yanatolewa yakiombwa. Fundi aliitumia kwa bibi harusi ambaye magauni ya dada zake yalichelewa siku ya kitchen party: "Nilikuahidi Alhamisi nikaleta Jumamosi. Dada zako wamekaa bila sare mbele ya wageni. Gauni la sendoff litakuwa kwako Jumatano, na nusu ya ushonaji nimeirudisha kwa M-Pesa." Bibi harusi hakujibu, lakini gauni la sendoff hakulihamisha.

Jumamosi, 5 Julai 2025: Hesabu na kutoka

Gharama tangu Januari: daftari na kalamu 5,500, chai na maandazi 72,000, jumla 77,500, kama elfu kumi kwa kichwa. Meseji kila mtu amejilipia.

Mmoja amehamia Dodoma, mmoja ametoka. Aliyetoka alitoweka tu, na hilo lilituonyesha kuwa hatukuwa na mlango wa kutokea. Umewekwa: ahadi inafutwa kwa mstari mmoja wa rula, yanaandikwa tarehe na neno "nimeifuta", mwenyewe anatia saini. Ruksa kufuta, na haiulizwi kwa nini. Wino mweupe wa kufutia hautumiki, kwa sababu ahadi iliyofutwa ikionekana, inayotolewa kwenye Foleni kuziba nafasi yake huandikwa kwa tahadhari zaidi.

Ya mama wa Korogwe imetoka kwenye daftari. Haina tena haja ya muulizaji. Ya kusoma bado ina Baki nyingi na itabadilishiwa tukio kwa mara nyingine. Kaunta buku imebakiza kurasa chache, mpya inanunuliwa kabla ya kikao cha tarehe 19. Nafasi mbili ziko wazi. Watakaoingia wasiwe wadai wala wadaiwa wa yeyote aliyemo, na waje na ahadi moja iliyokwisha kufungwa kwenye tukio.